Kati ya Kisanduku na Kisanduku: Kwa Nini Katuni Ziingie Darasani

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi mbele ya walimu, wazazi na wachoraji waliokutana hapa Dar es Salaam. Naiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani nimeziacha. Panapohitajika nimezieleza kwa maneno.

Wazee wangu mliopo, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, wachoraji, na ninyi vijana wa vyuo vya ualimu mliokaa kule nyuma, habari za asubuhi. Nawashukuru kwa kuja. Najua Jumamosi ya mwalimu ilivyo. Madaftari ya kusahihisha yanakungoja, nguo zinakungoja, na msiba wa jirani nao haukosekani.

Nianze na swali, na naomba mnyooshe mikono kweli kweli. Nani hapa alisoma gazeti la katuni la Sani alipokuwa mtoto? Haya, naona. Nani alilisoma kwa kujificha? Mikono haijapungua! Hata mzee wangu wa pale mbele amenyoosha. Na nani aliwahi kunyang'anywa gazeti la katuni na mwalimu wake?

Asanteni, shusheni. Sasa nawauliza walimu wenzangu. Mtoto amejiinamia chini ya dawati, anasoma ukurasa mzima bila kulazimishwa na mtu, na anajua kabisa akikamatwa atachapwa. Tunapomnyang'anya lile gazeti, tunamnyang'anya nini? Mchana tunalalamika kwamba watoto hawapendi kusoma. Asubuhi yake tumetoka kumwadhibu mtoto kwa kosa la kusoma.

Kuna watu wananiunga mkono kwa maneno haya: "Ni kweli Mwalimu, katuni zinawachangamsha watoto." Nawashukuru, lakini hapo bado hatujaelewana. Katuni si sukari ya kumezea kwinini. Ingekuwa kazi yake ni kulifanya somo chungu lipite kooni tu, nisingewatoa majumbani kwenu leo. Ninachosema ni kikubwa zaidi. Katuni inamfikirisha mtoto kwa namna ambayo aya tupu haiwezi, na picha moja tupu nayo haiwezi.

Tazameni visanduku hivi viwili. Katika cha kwanza mtoto amejitwika ndoo ya maji, anatembea, na mbele yake kuna ganda la ndizi. Katika cha pili ndoo imelala ubavu, maji yametapakaa, mtoto amekaa chini analia. Niambieni, nani amechora mtoto akianguka?

Hakuna. Hakuna aliyechora! Lakini nyote mmemwona akianguka. Baadhi yenu mmeusikia hata mlio wa ndoo. Katikati ya visanduku vile pana nafasi nyeupe, nyembamba kuliko kidole, na humo ndimo ninyi mlimoifanya kazi. Mmekisia sababu, mmeiunganisha na tokeo, mmepima muda uliopita, na yote hayo kwa kufumba na kufumbua. Scott McCloud, mchoraji wa Marekani, alichora kitabu kizima mwaka 1993, na sehemu kubwa ya hoja yake ni hii: katuni inaishi katika kile ambacho mchoraji ameacha kukichora. Na sisi walimu tunafundisha nini kila siku? Sayansi ni sababu na matokeo. Historia ni sababu na matokeo. Hisabati ni kutoka hatua hii kwenda ile na kujua ni kwa nini umekwenda. Nafasi ile nyeupe ndiyo naiita darasa, na hotuba yangu yote ya leo inaizunguka hiyo.

Kabla sijaingia darasani, niwakumbushe kwamba nchi hii haianzi sifuri. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, wasomaji wa gazeti la Uhuru walianza kukutana na Chakubanga, mhusika wa katuni, kazi ya mkono wa Christian Gregory. Wazee naona mnatabasamu. Mwaka 1978 likaja Sani, la Said Bawji na Nico ye Mbajo, na humo tukawapata Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge. Philip Ndunguru, mmoja wa waliowapa watu hao sura zao, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wahusika hawakufa naye. Waliendelea kuishi mikononi mwa wachoraji wengine.

Kumbukeni miaka ile ilikuwaje. Taifa lilikuwa kwenye kisomo cha watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu vijijini kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Watu wengi walikuwa wamejua kusoma juzi tu. Na mtu aliyejua kusoma juzi anahitaji nini? Anahitaji cha kusoma leo, na kesho, na wiki ijayo, kwa bei anayoimudu, kwa lugha anayoiongea sokoni. Asipokipata, herufi zinamtoka. Sisemi wachoraji wale walikaa chini wakapanga kuwa walimu. Nasema waliandika Kiswahili ambacho watu walikitaka kiasi cha kutoa fedha zao mfukoni kukisoma. Sisi wenye vitabu vya bure tunaobembeleza visomwe, tungewaheshimu kwa hilo.

Sasa tuingie darasani. Darasa la sita, Mbagala, kipindi cha sayansi, baada ya mapumziko, joto la mwezi wa pili mnalijua. Mada ni malaria. Nikauliza, malaria huenezwa na nini? Darasa zima likajibu kama kwaya: "Mbu jike aina ya anofelesi!" Mthibiti ubora angekuwepo siku ile, angeandika maneno mazuri kwenye ripoti yake. Mimi nikagawa karatasi nikawaambia, nichoreeni safari ya malaria kwa visanduku sita, mwanzo hadi hospitali. Watu wa vijiti wanatosha, sitazami uzuri.

Binti mmoja, mtaratibu, hazungumzi sana, alinipa kazi safi. Kisanduku cha kwanza, mbu anamuuma kaka yake sebuleni, mwezi mchanga unaonekana dirishani. Kisanduku cha pili, kaka anatetemeka ndani ya blanketi, na dirishani mwezi ni uleule. Nikamwuliza, "Kati ya hapa na hapa umepita muda gani?" Akafikiri. "Kidogo tu, Mwalimu. Kama saa moja." Nikawageukia wenzake. Wengine walisema usiku mmoja, wengine dakika tano. Hakuna hata mmoja aliyezidi siku mbili.

Ndugu zangu, ukweli ni upi? Mbu akishamuuma mtu, vimelea vinakwenda kwanza kwenye ini. Humo vinazaliana kimyakimya, mtu hana habari. Baadaye ndipo vinapoingia kwenye chembe nyekundu za damu na homa kuanza, mara nyingi siku 10 mpaka 15 tangu aumwe. Hili si jambo la mtihani tu. Mzazi anayedhani malaria huanza usiku uleule, mwanawe akipata homa wiki mbili baada ya kurudi kijijini kwa bibi, hataikumbuka safari ile. Atasema ni mafua. Atasema ni mabadiliko ya hewa.

Halafu nikaona jambo lililonishtua zaidi. Nilipitia karatasi zote, zote kabisa, nikitafuta kitu kimoja. Mbu wao walitoka wapi na vimelea? Mmoja alimchora mbu akitoka kwenye shimo la maji machafu, na malaria ameibeba mdomoni kama vidoti vyeusi. Mwingine alimtoa jalalani. Hakuna, nasema hakuna, aliyeanza na mtu mgonjwa. Hawakujua kwamba mbu huzaliwa hana malaria, kwamba anaipata kwa kumuuma mtu ambaye tayari anayo, na kwamba hata ndani ya mwili wa mbu vimelea vinahitaji siku kadhaa kukomaa kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Watoto wale wote walikuwa na jibu sahihi. Jibu walilikariri tangu darasa la tatu. Pengo lililo kati ya neno "mbu" na neno "malaria" halikaririki, ndiyo maana lilibaki tupu miaka yote hiyo na hakuna mwalimu aliyeliona.

Je, ningeliona kwa swali la kuchagua herufi? Ningeliona kwa zoezi la kujaza nafasi? Watoto wale wangepata vema zote, nami ningefurahi, tukaendelea na mada ya kumi na moja.

Tukachora upya. Safari hii kisanduku cha kwanza kikawa mtu mgonjwa, na kati ya kuumwa na kuugua wakaweka kalenda ikifunguka kurasa. Wazo la kalenda lilikuwa lao, si langu. Na kwa kuwa jiji letu lilikuwa na mlipuko wa dengue mwaka 2019, nikawaongezea kazi: safu mbili za visanduku kwenye ukurasa mmoja, juu anofelesi, chini edesi. Mara moja wakagundua wenyewe kwamba safu ya juu giza limeingia na safu ya chini jua linawaka, kwa sababu mbu wa dengue anauma mchana, na anazaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya tairi kuukuu, makopo na vifuu pale pale uani. Kijana mmoja akauliza, "Sasa chandarua kinatusaidia nini mchana, Mwalimu?" Swali hilo ni la daktari. Limetoka kwenye karatasi moja na penseli.

Nisonge mbele kwenye historia, maana walimu wa sanaa wananiangalia kana kwamba nimewasahau.

Mwalimu mwenzangu wa sekondari aliwapa wanafunzi wake sentensi moja kutoka kwenye notisi zao: Mwezi Julai 1905, watu wa Nandete, katika nchi ya Wamatumbi, waling'oa pamba. Mnaijua sentensi hiyo, ndipo vinapoanzia Vita vya Maji Maji. Tumeiandika ubaoni, tumeinakili, tumeifanyia mtihani. Akawaambia, ichoreni kwa visanduku vinne.

Ndipo mikono ikaanza kunyooshwa. Mwalimu, shamba lilikuwa la nani? Mwalimu, akida alivaaje? Wanawake walikuwa wapi? Walikuwa wanaimba au wamenyamaza? Mjerumani alisimama upande gani wa shamba? Hilo la mwisho ndilo lililowapeleka mbali, kwa sababu walipolifuatilia waligundua kwamba mara nyingi Mjerumani hakuwepo shambani kabisa. Aliyesimama pale na kiboko alikuwa mtu wa akida na jumbe, wale wasimamizi wenyeji waliowatumikia Wajerumani, mtu anayezungumza lugha yao. Wakamfuta Mzungu waliyekuwa wameshamchora. Na walipomfuta, hoja nzima ya utawala wa kikoloni ikawafungukia: Wajerumani wachache waliwezaje kuitawala nchi kubwa kiasi hiki? Vitabu vinalo jibu hilo, katika aya ndefu. Wao waliliona pale walipokosa pa kumsimamisha mtu.

Kundi jingine lilimchora Kinjeketile, yule mganga aliyesema maji yake yangewakinga watu na risasi, kule Ngarambe, watu wamepanga mstari kunyunyiziwa maji hayo. Kisanduku kilichofuata ni Agosti 4, 1905, Mohoro, Kinjeketile ananyongwa. Kinachofuata? Wakakwama. Vita ndiyo kwanza imeanza, na itaendelea mpaka 1907. Kiongozi ameshakufa, watu wanaendelea kwenda vitani. Kwa nini? Kati ya kisanduku kile cha kitanzi na kile cha vita kusini nzima, kuna nini? Walibishana vipindi viwili. Mmoja akasema imani. Mwingine akasema kodi na pamba havikunyongwa pamoja na Kinjeketile. Nyie mliosoma historia chuo kikuu, si ndiyo mabishano yenu hayo?

Na ilipofika njaa, ile njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na chakula, vijana wale walikataa kuchora maiti. Walichora ghala tupu na mlango wake wazi. Hawakuambiwa na mtu. Namshukuru Mungu kwamba mwalimu yule alikuwa na busara ya kutowasahihisha.

Wapo watakaosema, hayo ni ya kuchora; je, kusoma katuni kunamsaidia mwanafunzi? Kunamsaidia, na sababu yake kubwa ni mwendo. Gene Luen Yang, ambaye leo ni mchoraji mashuhuri wa Marekani, alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Oakland, California. Wakati fulani alifundisha aljebra akimshikia mwalimu mwingine, na kazi zake za uchoraji zilikuwa zikimtoa darasani. Alijaribu kujirekodi kwa video ili wanafunzi wamwangalie akiwa hayupo. Hawakuipenda. Akaamua kuwachorea somo kwa katuni, kurasa chache tu, naye mwenyewe akiwa mhusika anayeeleza. Wakazipenda hata kuliko mafundisho yake ya ana kwa ana, na walimweleza sababu: kwenye karatasi wanaweza kurudi nyuma. Video inakimbia. Mwalimu naye anakimbia, maana kipindi ni dakika 40 na silabasi ni ndefu. Katuni inakaa palepale inakusubiri.

Nataka walimu wa kidato cha kwanza wanisikilize hapa. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, ghafla Januari anaambiwa kila kitu ni Kiingereza. Mwalimu anakimbia kwa lugha ambayo mtoto hajaifikia. Ukimpa ukurasa wa maandishi ya Kiingereza matupu, neno la tatu likimshinda amekwama, na ukurasa wote umekufa. Ukimpa ukurasa wa katuni, neno likimshinda, mkono wa mhusika unamwonyesha, uso unamweleza, kisanduku kinachofuata kinamthibitishia kama alikisia sawasawa. Mimi nina msimamo wangu kuhusu lugha ya kufundishia na leo sitauficha: naamini mtoto afundishwe kwa lugha anayoifikiria. Lakini sera inabishaniwa mezani, na mtoto yuko darasani Jumatatu hii. Tumsaidie Jumatatu hii.

Msidhani pia haya ni mambo ya watoto tu. Mwaka 1957, shirika moja la watetezi wa amani nchini Marekani, Fellowship of Reconciliation, lilichapisha kijitabu cha katuni cha kurasa 16, bei yake senti 10. Kilieleza namna watu weusi wa Montgomery walivyogoma kupanda mabasi kwa zaidi ya mwaka, tangu Rosa Parks alipokamatwa Desemba 1955. Kilieleza pia njia yenyewe, hatua kwa hatua: utafanyaje ukitukanwa, utafanyaje ukipigwa, utajiandaaje kabla ya kutoka. Kijana mmoja aliyekisoma aliitwa John Lewis. Alikuja kuwa mmoja wa viongozi wa harakati zile, kisha mbunge kwa miaka mingi, na uzeeni akaamua kuusimulia ujana wake kwa njia ileile ya katuni, katika vitabu vitatu. Cha tatu kilipata Tuzo ya Taifa ya Vitabu mwaka 2016.

Jeshi la nchi hiyohiyo, kuanzia 1951, lilimtumia mchoraji Will Eisner kuwafundisha askari kutunza magari na silaha kupitia jarida la kila mwezi. Jeshi! Watu wasio na muda wa mchezo. Nikipita mtaa wa Gerezani hapa jijini nikawaona vijana wanaojifunza ufundi kwa kuchungulia tu bega la fundi, nawaza ni nani atawachorea wao.

Na jirani zetu Kenya, mwaka 2010, walianzisha Shujaaz, katuni ya vijana kwa Sheng, inayogawiwa bure. Hadithi zake zilikuwa za maisha: kijana afanye nini apate kipato, alimeje, ajiepushe na nini. Hadithi moja iliwaonyesha vijana namna ya kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwanyakue. Ungeliandika jambo hilo kwenye kipeperushi cha ugani, nani angelisoma? Mwaka 2012 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy.

Sasa nijibu yale ninayoyasikia mkinong'ona.

"Mwalimu, magazeti mengine ya katuni yana mambo machafu." Ni kweli, yapo, na mengine hayakuchorwa kwa ajili ya watoto kamwe. Mzazi ana haki ya kutazama mwanawe anasoma nini. Lakini riwaya chafu zipo pia, na hatujaifukuza riwaya shuleni. Marekani ya miaka ya 1950 ilipatwa na hofu hii. Katuni zikalaumiwa kwa uhalifu wa vijana, zikajadiliwa mbele ya Seneti mwaka 1954, wachapishaji wakajifunga kwa masharti makali. Vijana wakorofi hawakwisha. Zilizopungua ni hadithi nzuri.

"Mwalimu, darasa langu lina watoto tisini." Nalijua darasa hilo. Ndiyo maana sizungumzii vitabu vya rangi kutoka nje. Karatasi moja ya A4 ukiikunja mara tatu inakupa visanduku vinane. Ukiichana kidogo katikati na kuikunja upya, una kijitabu cha kurasa nane, bila gundi, bila pini. Kundi la watoto wanne, karatasi moja. Hiyo ni pungufu ya gharama ya manila na maka peni unazonunua kwa fedha yako mwenyewe kutengeneza zana za mkaguzi.

"Mwalimu, mimi sijui kuchora." Vizuri sana. Mwalimu akichora vibaya ubaoni, mtoto anapata ujasiri. Mtu wa vijiti anatosha kueleza mzunguko wa maji, anatosha kueleza kukopa katika hesabu za kutoa. Usimpe mtoto alama kwa uzuri wa picha. Mwulize swali moja tu, lilelile nililomwuliza yule binti: kati ya hiki na hiki kimetokea nini? Ukiondoka leo na swali hilo peke yake, umepata nilichokuja kukupa.

Liko pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko yote: mtoto asiyeona. Wenzetu wa shule kama Uhuru Mchanganyiko wanafundisha watoto wasioona pamoja na wanaoona, nao wana haki ya kuniuliza katuni inawahusu vipi. Katuni iliyobandikwa ukutani haiwahusu, na mwalimu asijidanganye. Lakini nimeona watoto wawili wameketi, mmoja anasoma visanduku kwa sauti, mwenzake asiyeona anamkatiza: "Amevaaje? Ana hasira au anaogopa? Umejuaje?" Yule anayeona alilazimika kutazama mara mbili zaidi. Na katika kutunga, yule asiyeona alikuwa wa kwanza kupanga hadithi ianzie wapi na ikatike wapi. Tusimtengenezee mtoto huyu kazi ya pembeni. Tumweke kwenye kundi, kazi ya kupanga visanduku inafanywa kwa kichwa kwanza.

Wachoraji, nina neno nanyi, na lina wazazi na wachapishaji ndani yake. Jiji hili lina mikono. Hapa ndipo alipozaliwa mchoraji Gado mwaka 1969, kijana wa Dar es Salaam ambaye Afrika Mashariki nzima imemsoma kupitia magazeti ya Nairobi. Hapa tunaamka na Masoud Kipanya. Kingo wa James Gayo amewachekesha watu kwa miaka mingi. Wapo vijana wengine wengi wanaochora vibao vya saluni na migongo ya bajaji, wenye macho makali ajabu, na hawajawahi kuulizwa na mwandishi wa kitabu cha kiada hata mara moja. Kitabu cha sayansi kinapoandikwa, mchoraji huitwa mwishoni, anaambiwa "weka picha hapa, na hapa." Nawaomba waandishi na wachapishaji mliopo: mwiteni mwanzoni, akae mezani siku ya kwanza na mwalimu wa somo, wagombane kuhusu kisanduku kipi kije kabla ya kipi. Na mlipeni. Jina lake liandikwe kwenye jalada pamoja na la mwandishi. Mtu aliyeamua mbu aonekane wapi na mtoto augue lini amefundisha, na mwalimu hulipwa.

Walimu wakuu, ombi langu kwenu ni jepesi. Mwalimu wako akileta andalio la somo lenye neno "katuni", usimwulize kama amemaliza silabasi. Nenda ukaketi nyuma ya darasa lake uone watoto wanabishana nini. Wazazi, gazeti la katuni likiwa safi, mwachieni mtoto alisome juu ya meza, hadharani. Kisha mwambieni awasimulie.

Nimemaliza kuzungumza, lakini hatujamaliza kazi. Kwenye meza ya mlangoni kuna karatasi na penseli za kutosha. Kaeni wanne wanne, na kila kundi liwe na mwalimu, mzazi na mchoraji, msikae na mliokuja nao. Chagueni mada moja ambayo watoto wenu hukosea kila mwaka kwenye mtihani. Kunjeni karatasi kwa upana kwanza, kisha tena, kisha tena. Mna dakika 40, kipindi kimoja kamili, na baada ya hapo kila kundi litabadilishana karatasi na jirani yake na kumwuliza lile swali.